Jumamosi ya Fundi wa Studio: Tik, Tik, Tik

Majirani zangu Kayole wanadhani mimi ni DJ. Wengine wanadhani nalipwa kukaa kwenye kiti cha kuzunguka nikitikisa kichwa msanii akiimba. Haya, twendeni kazini Jumamosi moja.

Saa kumi na moja na nusu asubuhi niko steji nangoja matatu. Kufikia saa moja nimefungua studio, nimefagia, nimepanga stendi za mikrofoni, na chai na mandazi ya mama wa pale chini vimekwisha.

Saa mbili ni kupanga saa za mitambo, kazi ambayo hakuna mteja anayeijua. Mtambo wa dijitali hukatakata sauti vipande vidogo, sampuli, kwa mpigo wa saa yake ya ndani. Kazi ya video hutumia sampuli 48,000 kwa sekunde, ya CD 44,100. Saa hiyo huendeshwa na kipande cha kwatsi kinachotetema, na hakuna vipande viwili vinavyotetema sawa kabisa. Ukiunganisha mitambo miwili, kila mmoja akihesabu kivyake, kila baada ya muda mmoja humtangulia mwenzake kwa sampuli moja. Sampuli hiyo hupotea au hurudiwa, nawe unasikia "tik". Ndiyo maana tunachagua mmoja awe kiongozi, wengine wote wafuate mpigo wake kwa kebo. Yetu iko tayari, mitambo mitatu, taa zote za kijani.

Saa tatu kwaya ikafika, sauti nne, watu wamejaa hadi ngazini. Wanarekodi wimbo wa video. Mbele yao mzee wa kanisa, mfadhili wa shughuli nzima, amebeba sanduku.

"Kijana, leo tutatumia hii."

Ilikuwa preamp ya mikrofoni nane, yaani mtambo wa kukuza sauti za mikrofoni, wa dijitali wenye saa yake ya ndani, ya mtumba lakini nzuri kweli, sikatai. Inatoa sauti zote nane kwa kebo moja ya mwanga. Nikaomba dakika kumi niipange saa. Akakataa. Mtambo wake, alisema, uligharimu pesa nyingi kuliko wetu, kwa hivyo hauwezi kumfuata mtu. Isitoshe umeandika 48,000, wetu umeandika 48,000, shida iko wapi?

Tukaanza. Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri mno. Halafu kwenye hedifoni: tik. Kimya kidogo. Tik. Kila baada ya sekunde kama nne hivi.

Mzee akasema ni bangili za soprano. Akina dada wakavua bangili. Tik. Akasema ni mikrofoni, tukabadilisha. Akasema ni stima ya Nairobi. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole, akaketi juu ya spika akajifuta jasho. Besi mmoja alikuwa ameanza kusinzia.

Nikawaomba wote watoke. Nikachomoa mikrofoni zote, nikaingiza mlio mmoja usiobadilika kwenye mtambo wa mzee, nikaurekodi kwa dakika moja, kisha nikamwita mzee kwenye skrini na kuivuta picha ya sauti hadi vijimwiba vikaonekana. Vilikuwa vimepangwa kwa nafasi zilezile kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mzee wangu, chumbani hakuna mtu wala bangili. Kelele ya mikrofoni haina ratiba. Hizi ni saa mbili zinazopishana."

Akatazama muda mrefu. "Basi yenu ifuate yangu."

Ingewezekana, na kwa sikio mngekuwa hamjui tofauti. Lakini ile kebo ya mwanga ilipita sakafuni miguuni mwa waimbaji wa sauti ya tenor. Mmoja akiigonga, studio nzima inakosa kiongozi katikati ya wimbo. Nikasimama hapo hapo, akakubali shingo upande.

Sasa kebo ya kupeleka mpigo wa saa yetu kwenye mtambo wa mzee. Yetu ya akiba ilikuwa imeazimwa, na walioazima studio mnawajua. Nikamtuma kijana wa mazoezi Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki mjini, kwa bodaboda. Akarudi na ya omu 50 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ya redio za mawasiliano. Vichwa vinafanana, lakini mpigo wa saa unataka omu 75, na mwisho wa mstari pia unataka kizuizi cha omu 75, la sivyo mawimbi yanagonga ncha na kurudi nyuma yakiuvuruga mpigo. Ya 50 ingeweza kukubali leo na kuniaibisha kesho. Akarudi tena mjini. Msongamano wa Jumamosi mnaujua.

Chakula cha mchana sikumbuki kama nilikula. Kebo ilipofika nikaunganisha, nikauweka mtambo wa mzee ufuate mpigo wa nje. Taa yake ndogo ikapepesa nyekundu mara kadhaa, ikatulia kijani. Nikaurekodi mlio uleule tena na kuuvuta vilevile kwenye skrini. Hakuna kijimwiba hata kimoja.

Kwaya iliimba hadi giza likaingia. Soprano walikuwa wamechoka lakini kiitikio cha mwisho kilinisimamisha nywele.

Wakati wa malipo mzee akatoa simu, akasema masaa ya kutafuta kelele hayalipwi, kwani hakuna kilichorekodiwa. Nikamwambia ndiyo masaa niliyofanya kazi zaidi. Tukavutana mlangoni, mwalimu akicheka, hadi tukakubaliana nusu. M-Pesa ikaingia. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama ile kebo anaweza kwenda nayo.

Nikamwambia inauzwa Luthuli.