Ngazi za Raleigh

Juzi, jikoni kukinukia keki ya tangawizi, binti yangu alipekua albamu ya picha akaniona nimeketi kwenye ngazi za nyumba ndefu ya mbao yenye vidirisha vilivyochomoza kwenye paa. "Baba, hii nyumba ni ya zamani kweli?" Nikajibu ndiyo, kisha hapana, kisha nikamwomba aangalie keki isiungue.

Raleigh Tavern, nyumba ya wageni na ya vileo iliyopo leo Williamsburg, jimboni Virginia, Marekani, si ile iliyojengwa enzi za ukoloni wa Kiingereza. Ile iliteketea kwa moto mwaka 1859. Mradi uliogharimiwa na tajiri John D. Rockefeller Mdogo ndio ulioisimamisha upya: mafundi walifukua misingi, wakatazama michoro ya mchoraji Benson Lossing aliyeiwahi kabla haijaungua, wakasoma orodha za mali zilizoachwa na wenye nyumba walipofariki, na mwaka 1932 milango ikafunguliwa kwa watalii. Hayo yote mwenyeji wangu alinieleza tukiwa njiani, nami niliyasikiliza kwa sikio moja kwa sababu njaa ilikuwa imenibana.

Ndani nilipita mbiombio. Katika chumba cha Apollo, ambako wajumbe wa baraza la kutunga sheria la Virginia walihamia mwaka 1769 gavana alipolivunja baraza lao, nilionyeshwa maneno ya Kilatini juu ya meko, yasemayo kwamba furaha ni mtoto wa hekima na maisha mema. Nikatikisa kichwa kama mjuzi wa Kilatini, nikatoka.

Nyuma ya nyumba kuna duka la mikate. Nilinunua keki ya tangawizi, nikarudi kuketi mbele, chini ya sanamu ya kichwa cha Walter Raleigh, Mwingereza ambaye nyumba ilipewa jina lake, iliyo juu ya mlango. Nilikuwa nimeuma mara mbili tu mwenyeji aliposema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Ndugu yangu, mbele ya mlango huu ndipo watu walipokuwa wakinadiwa."

Niliruka kama aliyekalia siafu. Keki ilikuwa bado kinywani. Sikuweza kuimeza, na kuitema mbele ya watalii niliona haya. Niliinama nikaanza kuokota makombo niliyoyamwaga pale nilipokuwa nimekaa, moja baada ya jingine, nikiyatia kwenye leso, ingawa sikujua namsafishia nani. Mwenyeji akanihurumia. "Lakini ngazi hizi ni mpya," akasema. "Hapa, juu ya hizi hasa, hakuuzwa mtu."

Alidhani amenituliza. Mimi nilikumbuka zile orodha, kwa maana watumwa nao waliandikwa humo miongoni mwa mali, na karatasi zile zile ndizo zilizowafundisha mafundi nyumba iwe na viti gani na meza gani. Viti vilirudi.

"Kaa basi nikupige picha," akasema, kamera tayari mkononi, na nyuma yake familia moja ikingoja zamu yao.

Nilikaa. Picha aliyoishika binti yangu ndiyo hiyo, na swali lake la pili lilikuwa kwa nini nimejibanza ukingoni kabisa mwa ngazi, karibu nidondoke, ilhali nafasi ilikuwa tele. Nikaenda kuitoa keki.