Wimbo wa Saa Nzima kutoka Bandari ya Kristiansand

Kwa muda wa miaka mitano niliamini kwamba wimbo ninaoupenda kuliko nyimbo zote za metali, yaani roki nzito ya magitaa ya umeme, unakwisha katika dakika ya 41, ghafla, mwimbaji akiwa hata neno hajalimaliza. Nilidhani huo ni ujasiri wa kisanii, nami niliwaeleza hivyo marafiki zangu kwa kujiamini kusikokuwa na msingi wowote. Wimbo wenyewe niliupata mwaka 2004 katika saiba moja karibu na Mwembe Tayari, ambako tulilipa shilingi moja kwa dakika, na faili lilikuwa zito mno kwa intaneti ya siku zile, kwa hiyo mtandao ulipokatika jioni, mwenye saiba akanichomea kwenye CD kile kilichokuwa kimeshuka na kuniambia nishukuru. Mwaka 2009, kebo za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika katika pwani yetu hapa Mombasa, niliutafuta tena, nikagundua kwamba una dakika 60 na sekunde 6.

Wimbo huo unaitwa Light of Day, Day of Darkness, na ndio peke yake uliomo katika albamu ya jina hilo hilo iliyotolewa mwaka 2001 na bendi ya Norwe iitwayo Green Carnation. Muziki wao huitwa progresivu metali, yaani metali inayokataa kufungwa na ubeti na kiitikio, ikarefusha nyimbo, ikabadilisha mapigo katikati ya safari, na kukaribisha vyombo ambavyo wapenzi wa metali hawakuvizoea. Jina la bendi ni la ua ambalo Wanorwe huliita nellik, na neno hilo hilo ndilo wanalolitumia kwa karafuu, kwa sababu ya harufu ya maua hayo. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu, maana sikutarajia kukutana na karafuu upande ule wa dunia.

Historia yao inaanzia mwaka 1990 huko Kristiansand, mji wa bandari ulioko kusini mwa Norwe, ulioasisiwa na Mfalme Christian IV mwaka 1641. Sehemu hiyo ya nchi inajulikana kwa uchaji wa watu wake, kiasi kwamba Wanorwe huihesabu katika ule wanaouita Mkanda wa Biblia. Mtu aliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa, ambako gitaa la kukwaruza likisikika baada ya adhana ya alasiri jirani huja kubisha hodi kwa heshima zote, hahitaji kuelezwa sana maana ya kuwa kijana wa metali katika mji kama huo. Mwanzilishi alikuwa mpiga gitaa anayejulikana kwa jina la Tchort. Yeye na wenzake walirekodi kanda ya majaribio mwaka 1991, Hallucinations of Despair, kisha wakatawanyika kabla hata ya kutoa albamu.

Kutawanyika huko ndiko kunakonivutia, kwa kuwa kulizaa bendi moja ya maana na kuipa nyingine mpiga besi. Tchort aliingia Emperor, bendi ya blaki metali, yaani metali ya kasi yenye uimbaji wa mayowe, na kupiga besi katika albamu yao ya In the Nightside Eclipse, iliyorekodiwa katika ukumbi wa Grieghallen mjini Bergen na kutolewa mwaka 1994. Wale waliobaki Kristiansand waliunda In the Woods..., bendi iliyoanza na ukali wa blaki metali katika albamu yao ya mwaka 1995, na kufikia mwaka 1997, katika Omnio, ilikuwa imekwisha kuingiza fidla na sauti ya kike na kujitenga na karibu kila kanuni ya blaki metali.

Hapa nina malalamiko yangu. Kila anapotajwa Mnorwe mwenye gitaa la miaka hiyo, msimulizi hukimbilia makanisa yaliyochomwa moto na vijana wa blaki metali, kuanzia lile la mbao la Fantoft lililoteketea Juni 1992, pamoja na mauaji na vifungo vya jela. Mambo hayo yalitokea, na wamo waliofungwa miongoni mwa wanachama wa Emperor wenyewe. Lakini kuisimulia metali ya Norwe kwa makosa ya jinai pekee ni sawa na kuisimulia taarabu ya pwani kwa ugomvi wa arusini, ukasahau fidla, ganuni na mtu aliyekesha akitunga. Kristiansand ilikuwa na kikundi cha vijana waliofahamiana, wakiazimana wapiga ngoma na wapiga besi kwa zaidi ya miaka kumi, na kazi hiyo ya taratibu haina kichwa cha habari.

Tchort aliifufua Green Carnation mwaka 1998, akarudiana na baadhi ya wale wa In the Woods..., na albamu ya kwanza, Journey to the End of the Night, ikatoka mwaka 2000. Ni albamu nzito, ya polepole, yenye huzuni tele, na mimi naiona bado inatafuta njia.

Njia ilipatikana mwaka uliofuata. Tchort alikuwa amefiwa na binti yake, na baadaye akapata mtoto wa kiume, na kutokana na msiba na uzazi huo akautunga wimbo ule wa saa nzima. Ngoma zilipigwa na Anders Kobro wa In the Woods..., uimbaji ukashikwa na Kjetil Nordhus, na ndani yake mna kwaya, saksofoni na vinanda vya aina kadhaa. Gitaa huleta wazo moja, likaliacha, likalirudia baada ya dakika ishirini likiwa limevaa nguo nyingine, hivyo msikilizaji hapotei hata kama hajui amefika wapi. Katikati, magitaa hurudi nyuma na mwanamke hutoa sauti isiyo na maneno, akilia na kupandisha, kwa muda mrefu kuliko starehe inavyoruhusu. Siku moja nilikuwa nikiusikiliza barazani, spika ikiwa chini kabisa, na ami yangu akiwa amekaa na kikombe chake cha kahawa. Hajui Kiingereza, na metali huiita kelele za karakana. Sauti ile ilipoanza aliweka kikombe chini akauliza, "Huyu amefiwa na nani?" Nikamjibu kwamba aliyefiwa ni mtunzi, na ni binti. Akasema maskini, akamrehemu mtoto, akaendelea na kahawa yake. Magitaa yaliporejea aliniomba nizime.

Baada ya hapo bendi haikujaribu kuurudia ule urefu, na nadhani ilifanya vyema. A Blessing in Disguise ya mwaka 2003 na The Quiet Offspring ya mwaka 2005 zina nyimbo fupi zinazoelekea kwenye roki, nzuri bila kunikosesha usingizi. Mwaka 2006 walizima umeme wa magitaa kabisa katika The Acoustic Verses, kisha mwaka 2007 ikatoka DVD ya onyesho walilolifanya chini ya ukuta wa bwawa huko Rjukan, mji uliomo bondeni kiasi kwamba jua haliufikii kwa karibu nusu ya mwaka, hadi mwaka 2013 ilipobidi kuweka vioo vikubwa mlimani ili kuurudishia mwanga uwanja wa katikati. Mwaka huo huo wa 2007 bendi ilisimama.

Ilirejea mwaka 2014, na mwaka 2016 waliupiga wimbo wa saa nzima kwao Kristiansand, mbele ya watu, toka mwanzo hadi mwisho. Rekodi ya usiku huo ilitolewa mwaka 2018 kwa jina la Last Day of Darkness.

Leaves of Yesteryear, albamu yao ya kwanza baada ya miaka kumi na minne, ilitoka tarehe 8 Mei 2020. Siku mbili kabla yake, Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa sababu ya korona, nami nilikuwa ndani, Kibokoni, nikiwa na bando za intaneti na nafasi ya kutosha. Humo walirekodi upya My Dark Reflections of Life and Death, wimbo wa zaidi ya robo saa kutoka katika ile albamu ya mwaka 2000. Usiku, vichochoro vikiwa kimya kuliko nilivyowahi kuvisikia, nilipanda darini nikausikiliza kwanza ule wa zamani, ambao Nordhus hakuwa mwimbaji wake, kisha huu mpya, ili nijue miaka ishirini imeufanya nini. Ule wa zamani unakokota miguu. Huu mpya unapumua, ngoma zina nafasi, na Nordhus huimba kama mtu asiyehitaji tena kumshawishi yeyote. Dakika chache kabla haujakwisha, chaji ya simu ikaisha, na nyumbani umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi.