Kibanzi kimepasuka, namsikiliza Pittman

Jana kibanzi changu cha mwisho kimepasuka. Wapiga saksofoni mnanielewa: kale kaulimi ka mwanzi mdomoni mwa chombo. Kakifa hako, umebaki na bomba la shaba tu. Mimi vyangu naagiza Dar, vinapanda basi.

Basi nikakaa kibarazani hapa Kirumba, Mwanza, harufu ya dagaa inapanda kutoka soko la Mwaloni, nikamfungulia Booker Pittman kwenye simu.

Huyu alikuwa mpiga saksofoni Mmarekani, mjukuu wa Booker T. Washington, yule mwalimu wa chuo cha Tuskegee, Marekani. Kazaliwa 1909. Miaka ya 1930 akavuka na bendi kwenda Ulaya, halafu badala ya kurudi kwao akaishia Amerika ya Kusini, Brazili. Huko akaoa, akamlea Eliana, binti wa mkewe, mpaka wakawa wanapanda jukwaa moja: baba anapuliza, mtoto anaimba. (Mimi wangu nikitoa saksofoni anaziba masikio.) Alifariki 1969, hukohuko Brazili.

Anaponimaliza ni kwenye soprano, ile saksofoni ndogo ya sauti ya juu, akiishika noti ndefu. Haikimbizi. Anaiacha ining'inie kama mvuvi anayesikilizia ndoano.

Mjomba akapita na ndoo ya maji, akasimama.

"Mjomba, huyo Mkongo?"

"Hapana, mjomba. Mmarekani, alihamia Brazili."

"Mbona anapuliza kama mtu aliyekula kwao?"

Akatua ndoo, akaketi. Tumeurudia wimbo mara tatu, maji ya kupikia yakisubiri. Basi la Dar linaingia kesho.