Nilivyoacha kuusikia utabiri wa mvua kwa mtangazaji

Nina duka la nafaka Mathare, Nairobi, hatua chache kutoka mtoni, na kwa miaka mingi habari za mvua nilizipata kwa mtangazaji mmoja wa asubuhi ambaye kila tahadhari alikuwa akiisoma kwa kicheko, kisha anawataka wasikilizaji wapige simu waseme kama wameona hata wingu. Oktoba 2023, Rais Ruto aliposema kwamba wataalamu wamebadilisha utabiri na El Niño haingekuja tena, mtangazaji huyo alishangilia wiki nzima. Novemba ilipofika na mafuriko yake, akahamia habari za mpira.

Nami nilikuwa na kituko changu. Mwaka uliofuata, kabla masika hayajashika, nilitumiwa kwenye simu ujumbe wenye nembo ya serikali ukidai kwamba Nairobi ingezama Jumamosi. Nikakodi mkokoteni kwa elfu moja na ushee, nikapandisha mahindi, maharagwe na ndengu hadi kwa shemeji yangu Huruma. Jua likawaka siku nne mfululizo. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku zote, alikosa ndengu akaniuliza, "Mama, mafuriko yako yamekwama jam ya Thika Road?"

Ndiyo maana tahadhari za kweli za Idara ya Hali ya Hewa zilipotolewa Aprili nilizipuuza, na usiku wa kuamkia tarehe 24 mto ukafurika. Nilipoteza magunia saba. Wapo majirani waliopoteza watu, kwa hiyo sitayalilia magunia.

Tangu hapo huisoma tahadhari yenyewe: tarehe iliyotolewa, kaunti zilizotajwa, kiasi cha mvua, na hasa ile asilimia ambayo redioni huwa haisomwi. Tahadhari inayosema uwezekano ni asilimia 33 hadi 66 haijadanganya mvua isiponyesha, lakini mtangazaji akishaiondoa asilimia na kutangaza "kesho ni mafuriko", uongo ni wake na lawama ni ya Idara.

Milimita 20 za mvua zinazotajwa kwenye tahadhari nazo sikujua ni kitu gani mpaka nilipotengeneza kipimo. Nilikata chupa ya maji, nikaigeuza shingo iwe faneli, nikajaza changarawe mpaka pale chupa inaponyooka, nikatia maji hadi alama ya sufuri, na rula ya mwanangu nikaibandika kando kwa selotepu. Asubuhi ya kwanza kilionyesha milimita 90, nami nikazunguka ploti nzima nikitangaza maafa, hadi kijana wa jirani aliponionyesha kwa upole kwamba nilikuwa nimekitundika chini ya ukingo wa mabati, kikakusanya maji ya paa zima. Nikakihamishia juu ya tangi, mahali peupe.

Hata hapo nilikuwa nimejua nusu tu. Siku moja kilisoma milimita 6, nikalala kwa raha, na alfajiri mto ulikuwa umefika kwenye ngazi, kwa sababu maji yanayotufurikia hunyesha kwingine, huko juu yanakotoka. Nilimtengenezea kipimo cha pili binamu yangu anayetunza bustani Muthaiga, upande wa juu wa mto, na sasa tahadhari ikitoka humpigia jioni kabla sijafunga duka. Akinitajia zaidi ya 20, namwita mtu wa mkokoteni. Mwezi uliopita niliyahamisha magunia, mto ukafika ngazi ya pili tu, na shemeji akanitoza kilo mbili za ndengu kwa usumbufu.