Kumbukumbu ya mradi: kuiandikia M maandishi ya Kiswahili

Wiki ya kwanza

Nimeanza rasmi. Filamu ni M ya Fritz Lang, Ujerumani, 1931. Mtu anaua watoto mjini Berlin. Polisi wanamsaka, na wahalifu nao wanamsaka, maana misako ya kila usiku imewaharibia biashara. Nataka kuiwekea maandishi ya chini ya Kiswahili ili ionyeshwe kwenye kibanda umiza cha jirani yetu.

Mwenye kibanda kanishangaa. “Sasa dogo, uandike ya nini? Si uingize sauti tu?” Namwelewa. Sisi tumelelewa na watafsiri wa mdomo, wale wanaoongea juu ya waigizaji, wakatia utani na hata kumpa adui jina la mtaani. Ufundi ule naupenda. Lakini kwa filamu hii hapana. Hii ndiyo filamu ya kwanza ya Lang yenye sauti, na hakuna muziki wa kukuambia sasa ogopa. Kuna vipande vizima ni kimya kitupu. Muuaji, Hans Beckert, tunamjua kwanza kwa kivuli chake na mluzi, kipande kile cha Grieg, mtunzi wa muziki wa Norway, cha kwenye pango la mfalme wa milimani. Peter Lorre, aliyemwigiza, mluzi ulimshinda. Lang alisimulia kwamba aliupiga yeye mwenyewe. Na atakayekuja kumtambua ni muuza maputo kipofu, kwa masikio. Mtafsiri akiongea juu ya mluzi ule, kamficha muuaji.

Wiki ya pili na ya tatu (ndiyo, kwa mistari minne)

Filamu inafungua na watoto wamesimama duara uani, mmoja katikati anawahesabu kwa wimbo, anayeangukiwa anatoka. Wimbo wenyewe Wajerumani walikuwa wakiuimba juu ya Fritz Haarmann, muuaji wa Hannover aliyekatwa kichwa 1925. Lang kaondoa jina, na badala yake anakuja “der schwarze Mann”.

Kijerumani changu ni cha kamusi, kwa hiyo nilikwenda kwa mjomba, aliyesoma Leipzig enzi za Ujerumani Mashariki. Akasoma, akavua miwani. “Mtu mweusi.”

“Mjomba, sasa wewe na mimi tutakuwa nani?”

Alicheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba ni kitisho tu cha watoto, wana hata mchezo wa kukimbizana wenye jina hilo, na aliwahi kuwakuta wanaucheza akasimama pembeni hajui acheke au aondoke. Basi nikiandika “mtu mweusi”, kibanda kizima kitafikiri filamu inatusema sisi, na dakika ya kwanza imeharibika. Jini? Hapana, jini kwetu lina mambo mengi, lina mpaka mahari. Nikabaki na zimwi. Halafu ikabidi iimbike, mizani nane kila mstari, maana watoto hawahesabiani kwa insha:

Ngoja ngoja utakoma,
zimwi laja, li njiani,
na kishoka mkononi,
likufanye uwe kima.

Kijerumani kinasema nyama ya kusaga, hivyo kima imekaa mahali pake. Kwamba kima ni mnyama wa jamii ya tumbili pia, hilo ni la bure. Binti wa dada yangu, miaka saba, alicheka hapo hapo. Kisha akaanza kuwahesabu wenzake uani kwa wimbo huo na dada akanifokea. Sikujitetea, kwa sababu ndicho kinachofuata kwenye filamu: mama mmoja anawafokea watoto waache wimbo huo, na Frau Beckmann anamjibu kwamba angalau wakiimba tunajua bado wapo.

Frau Beckmann nimemwita Mama Elsie. Baada ya hapo sikuandika kitu. Anatandika meza, saa inalia, anaita “Elsie!” ngazini. Ngazi tupu. Dari la kuanikia nguo, hamna mtu. Sahani tupu. Mpira unabingirika kutoka kwenye majani, unasimama. Puto limenasa kwenye nyaya za simu. Hakuna tone la damu, na tangu hapo sijaweza kuangalia puto vizuri. Nilikuwa nimeweka “Elsie!” chini ya kila mwito, nimefuta yote. Jina la mtoto likiitwa halihitaji mkalimani.

Wiki ya tano

Hasara. Nilikuwa nafanyia kazi nakala inayokwenda picha 25 kwa sekunde. Nikapata nyingine safi zaidi, ya picha 24, nikahamishia faili langu. Mwanzo safi. Nusu saa baadaye watu wanajibu kabla hawajaulizwa. Kufika kesi ya mwisho maandishi yalikuwa mbele kwa kama dakika nne. Nilirekebisha kwa mkono usiku mbili, kama punda, kabla sijagundua kwamba programu ina kitufe cha kubadili kasi. Sekunde tano tu.

Wiki ya sita

Herufi! Kijana anaichora M kwa chaki kiganjani, anajifanya kamgonga Beckert kwa bahati mbaya, na M inabaki begani mwake. Kwa Kijerumani ni Mörder. Nilikuwa tayari nimejiandaa kuweka maelezo, halafu nikaangalia neno nililoandika mwenyewe tangu mwanzo: muuaji. Mara moja katika mradi huu lugha imenifanyia kazi bila kulipwa.

Inspekta Lohmann wanamwita Afande, na wahalifu wanawaita polisi njagu. Mjomba hakuipenda njagu. Nimeiacha.

Wiki ya nane

Kesi. Wahalifu wamemkamata Beckert, wamemweka kwenye kiwanda cha pombe kilichoachwa, wanamhukumu wao. Lorre anaanguka magotini, macho yamemtoka, anasema hataki ila analazimika: “Will nicht, muss!” Nilianza na “Sitaki, lakini inanibidi”. Ndefu, na ina adabu kama barua ya kuomba kazi. Sasa ni “Sitaki! Lazima!” Anapumua katikati kama mtu aliyekimbizwa.

Kipande hiki kina historia chafu. Lorre alikuwa Myahudi, akaondoka Ujerumani 1933. Wanazi wakaipiga marufuku filamu 1934, na 1940 wakakikata hiki cha magotini wakakitia kwenye propaganda yao dhidi ya Wayahudi. Kwa hiyo sikutaka kumwongezea hata neno moja ambalo hakulisema.

Jana nilimjaribishia mwenye kibanda dakika 40 za kwanza. Alilalamika kwamba hakuna anayeuawa mbele ya macho. Halafu umeme ulipokatika alikaa pale gizani, na nilipopiga mluzi, kwa utani tu, akanitukana.

Limebaki moja. Mwishoni kabisa Mama Elsie, amevaa nyeusi, anasema hukumu haitawarudisha watoto wetu, kisha “man muss” kuwaangalia watoto zaidi. Hiyo “man” ya Wajerumani ni mtu yeyote na si mtu yeyote. Kitenzi changu kinataka mwenyewe. “Tuwaangalie”, anajilaumu. “Muwaangalie”, anatulaumu. Lakini neno lake la mwisho, kioo kikiwa kimeshakuwa cheusi, ni “Ihr!”, yaani ninyi, kwa hiyo nikitumia “mu-” mapema namnyang'anya pigo lake. Kwa sasa imesimama hivi: “Inabidi watoto waangaliwe zaidi.” Giza. “Ninyi!”

Mjomba anasema “inabidi” ni neno la mkutano wa kijiji. Tumepewa Jumanne usiku, baada ya mechi.