Siku Moja Maishani Mwangu: Kutunza Mfumo wa Chama cha Akiba na Mikopo Mwisho wa Mwezi

Watu wengi wakisikia kwamba ninatengeneza mifumo ya kompyuta, huniuliza kama ninaweza kuwarekebishia printa au kuwarudishia picha zilizofutika kwenye simu. Kazi yangu ni nyingine. Ninaandika na kutunza programu zinazotumika kupitia kivinjari, kwa lugha ya Java na kiunzi cha Spring Boot, yaani msingi ulio tayari wa kujengea programu, na mteja anayechukua muda wangu mwingi ni chama cha akiba na mikopo, ambacho baadhi ya wanachama wake hukatwa michango kwenye mshahara na wengine huleta fedha zao dirishani. Kazi hii ikifanywa vizuri haionekani kabisa, ndiyo maana nimeona niiandike siku moja ya mwisho wa mwezi jinsi ilivyokwenda.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya chai ninauliza hali ya mfumo. Spring Boot ina sehemu iitwayo Actuator, ambayo hujibu kama programu iko hai na kama inaifikia hifadhidata yake. Jibu ni jema. Nakala rudufu ya usiku ipo, na ukubwa wake unakaribiana na wa jana. Huwa ninaangalia ukubwa pia, kwa sababu faili linaweza kuwepo likiwa tupu.

Saa mbili asubuhi nipo ofisini Kijitonyama. Kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo ananisubiri.

"Kaka, programu inakataa kuwaka. Inasema mlango wa 8080 unatumika."

Nakala aliyoiwasha jana bado inaendelea kufanya kazi kwenye mashine yake na imeushika mlango huo, yaani namba ambayo programu hupokelea maombi, lakini simwambii. Ninamwonyesha amri ya kutafuta ni programu ipi imeushika mlango, naye anaikuta mwenyewe. Kisha ninamweleza kwamba zamani Tomcat, programu inayopokea maombi ya vivinjari, ilisimikwa kwenye seva peke yake, halafu programu ikapelekwa humo ikiwa faili la WAR (kifurushi cha programu ya wavuti), na kwamba tangu Spring Boot 1.0 ilipotoka mwaka 2014 imekuwa kawaida Tomcat kufungashwa ndani ya faili moja la JAR (kifurushi cha Java), hata mfumo mzima ukawashwa kwa amri moja. Ni urahisi mkubwa, nami ninaushukuru kila siku. Ila mtu akishaona ukurasa wa kwanza umefunguka hudhani kazi imekwisha, na kazi niliyoajiriwa kuifanya huanzia hapo.

Saa nne hadi saa saba ninahamisha mfumo mwingine kutoka toleo la 2.7 la Spring Boot kwenda la 3. Toleo la 3.0, lililotoka Novemba 2022, linahitaji Java 17 kwenda juu, na vifurushi vya Java EE, yaani mkusanyiko wa nyenzo za Java za kujengea mifumo mikubwa, ambavyo majina yake yalianza na javax sasa huanza na jakarta. Chanzo chake ni kwamba Oracle ilikabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation kuanzia mwaka 2017, na pande hizo mbili hazikukubaliana juu ya kuendeleza jina la zamani. Uamuzi uliofanywa mbali na hapa umenifikia mimi katika mamia ya mistari. Ninaibadilisha kwa utulivu, ninaendesha majaribio, kisha ninakwenda kula wali na maharage.

Saa tisa kasoro robo simu inaita. Ni mhasibu wa chama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mfumo umegoma. Watu wamejaa hapa dirishani, kila nikibonyeza inazunguka tu, halafu inaleta maneno mekundu."

"Pole, mama. Naomba makarani wasibonyeze tena kwanza. Ninaangalia sasa hivi."

"Mwenyekiti anasema uuzime, uuwashe."

Ushauri huo ninaupata kila mara, na ninaelewa unakotoka, lakini mfumo unaobeba fedha za watu hauzimwi kabla ya kujua kuna nini ndani yake. Ninamwomba dakika kumi. Ninaingia kwenye seva. Kichakataji kimetulia, kumbukumbu ipo ya kutosha, diski haijajaa. Actuator, ambayo alfajiri ilijibu papo hapo, sasa inasubiri nusu dakika kisha inatoa jibu baya. Kwenye logi, yaani daftari la matukio ya mfumo, kuna ujumbe mmoja unaojirudia: muunganisho wa hifadhidata haupatikani, ombi limesubiri milisekunde 30,000.

Hapo ndipo mchana wote ulipoishia. Spring Boot hutumia HikariCP kutunza miunganisho ya hifadhidata, na usipoielekeza vingine huweka miunganisho isiyozidi 10, huku Tomcat ikishughulikia maombi hadi 200 kwa wakati mmoja. Hakuna ubaya, maana ombi la kawaida hushika muunganisho kwa muda mfupi sana na kuurudisha. Ni kama kisima chenye ndoo kumi: kijiji kizima hupata maji, mradi hakuna anayekaa na ndoo mkononi akipiga soga. Nikaiuliza PostgreSQL, hifadhidata yetu, nani anafanya nini, nikakuta miunganisho yote kumi imefungua muamala, yaani kundi la hatua zinazokubaliwa zote au kufutwa zote, na haifanyi lolote. Nikachapisha hali ya nyuzi zote za Java, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba, kwa amri ya jstack, na nyuzi kumi zilikuwa zimesimama mahali pamoja: zinasubiri jibu la kampuni inayotutumia ujumbe mfupi.

Sehemu hiyo iliandikwa kabla mfumo haujakabidhiwa kwangu. Mwanachama akiweka fedha, mfumo unafungua muamala, unaandika mchango, unaomba ujumbe wa kumjulisha utumwe, na ukipata jibu tu ndipo unaufunga muamala. Ombi hilo halikuwekewa kikomo cha kusubiri. Siku ambazo kampuni ile inajibu upesi, hakuna anayeona kasoro. Leo huduma yao ilizidiwa, na chama kizima kikasimama kwa sababu ya ujumbe ambao ungeweza kuchelewa saa nzima bila kumdhuru mtu.

Mwenyekiti akapiga mwenyewe. "Kijana, mna shida gani? Wanachama wangu wanasimama juani." Nilimjibu kwa heshima kwamba nimeona tatizo na ninalitoa, naye aliendelea kuzungumza kwa muda mrefu huku mimi ninaandika. Mwenzangu alishauri tuongeze miunganisho kutoka 10 hadi 100. Nilikataa: PostgreSQL yenyewe, isipobadilishwa, hukubali miunganisho 100 kwa jumla, na yote ingekwama vilevile, tena ikizuia hata mimi kuingia.

Nilizima utumaji wa ujumbe kwenye mipangilio, ndipo nikauwasha mfumo upya. Madirisha yakaanza kusonga. Lakini miamala iliyokatwa katikati ilifutwa na hifadhidata, kama inavyopaswa, na huenda baadhi ya wenyewe walikuwa wametumiwa ujumbe wa kuwapongeza kwa fedha ambazo mfumo haukuziandika. Hilo ndilo lililonikosesha utulivu kuliko simu zote za mwenyekiti. Mama ntilie aliyeacha meza yake kuja kuweka akiba anaushika ujumbe ule kama stakabadhi. Mimi na mhasibu tulilinganisha orodha ya ujumbe uliotumwa na michango iliyoandikwa, mstari kwa mstari, yeye akisoma stakabadhi za mkononi, mimi nikisoma hifadhidata. Makarani walikuwa wamebonyeza mara nyingi, ila namba ya stakabadhi hairuhusiwi kujirudia, kwa hiyo hakuna mchango ulioingia mara mbili. Waliokosekana walikuwa wachache, na mhasibu aliwaingiza wote.

Sikumbuki vizuri saa ngapi taa za ofisi za jirani zilizimwa. Kijana wa mafunzo aligoma kuondoka, nikamwachia aandike jedwali jipya. Sasa mchango unaandikwa, ujumbe unawekwa kwenye jedwali hilo ndani ya muamala uleule ukiwa na hali ya kusubiri, na muamala unafungwa. Kazi nyingine, inayoamka kila baada ya muda, inachukua ujumbe uliosubiri na kuutuma kwa kikomo cha sekunde tano. Ukishindikana unajaribiwa tena baadaye. Tuliifunga huduma ya ujumbe kwa makusudi kwenye seva ya majaribio, tukamimina maombi mengi kwa pamoja, na michango yote ikaandikwa bila kungoja.

Tuliupandisha mfumo uliorekebishwa kwenye seva ya chama usiku huo. Ujumbe wa jioni ulianza kutoka polepole, kila mmoja kwa mchango ulio ndani ya hifadhidata. Mhasibu akanitumia habari kwamba fedha taslimu zimelingana na mfumo hadi shilingi ya mwisho, akauliza kama ripoti ya mwezi itakuwa tayari saa mbili asubuhi. Nilimjibu kwamba itakuwa tayari saa moja.