Jinsi nilivyoamua kumlisha kinda wa kasuku kwa mkono

Kokatieli, wale kasuku wadogo wenye kishungi ambao asili yao ni Australia, hutaga yai moja karibu kila baada ya siku mbili, na kwa kawaida mayai hufika manne hadi saba. Wazazi huanza kuatamia kabla hawajamaliza kutaga, kwa hiyo makinda hawaanguliwi siku moja. Wa kwanza anaweza kumtangulia wa mwisho kwa wiki nzima. Kwangu Umoja, Nairobi, katika baridi ya Julai, wanne walikuwa wamenona na wa tano alikuwa anazidi kubaki nyuma.

Nyumbani kila mtu aliniambia nimtoe nimlishe mwenyewe. Sikuafiki upesi. Kinda akilishwa vibaya hupaliwa, chakula kikaingia mapafuni, na anaweza kufa papo hapo mkononi mwako. Uji ukizidi moto unaunguza gole, kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Ukipoa, chakula hulala humo na kuchacha. Nilitaka kwanza kujua kama wazazi wameshindwa kweli au wanahitaji kusaidiwa.

Nilimpigia mzee mmoja wa Pangani ambaye amefuga ndege tangu ujana wake. "Mwanangu, usifuate kilio," akaniambia. "Hata aliyeshiba hulia. Tazama gole, halafu mpime."

Basi nikaenda barabara ya Luthuli, nikanunua mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu mojamoja. Kinda wa kokatieli huanguliwa akiwa na gramu tano hivi, na katika wiki za mwanzo anatakiwa kuongezeka kila siku. Nilikuwa nawapima alfajiri kabla wazazi hawajalisha, ili nisipime chakula nikadhani ni mwili. Ndugu zake walikuwa wanapanda vizuri. Yeye alisoma tisa, kesho yake tisa tena.

Hata hapo sikumtoa. Nilianza na wazazi: yai la kuchemsha lililopondwa, sukuma wiki, mahindi mabichi na nafaka zilizoloweshwa, kwa sababu mzazi anayepata chakula laini cha kutosha hulisha kwa wepesi zaidi. Kisha nikawa nawatoa wale wakubwa wawili kwa muda mfupi wakiwa wameshiba, nawaweka kwenye kibakuli chenye kitambaa cha joto, ili mdogo abaki na mama bila kusukumwa. Naipenda njia hii kuliko zote, kwa sababu kinda anaendelea kulelewa na wazazi wake, na mara nyingi hiyo peke yake inatosha.

Safari hii haikutosha. Mizani ikashuka hadi nane. Gole tupu alfajiri si hoja, maana kinda mwenye afya humaliza chakula usiku. Lakini saa nne asubuhi, wazazi wameshalisha mara kadhaa na magole ya wenzake yametuna, lake lilikuwa bado limenywea. Ngozi ilikuwa nyekundu na imekunjamana, dalili ya kukosa maji, na vidole vilikuwa vyembamba kama nyuzi. Uzito kushuka, gole tupu mchana, ngozi kavu: hapo nikaamua.

Kitu cha kwanza nilichompa ni joto. Kinda aliyepoa halishwi, kwa sababu tumbo lake halisagi chakula. Nilimweka kwenye kisanduku chenye taulo na chupa ya maji moto (stima za mtaani kwetu sizitegemei), kipimajoto kikisoma nyuzi 35, nikasubiri mpaka akachangamka na kuinua kichwa kuomba. Ndipo nikakoroga unga maalumu wa makinda wa kasuku, mwepesi sana kwa mlo wa kwanza, nyuzi 39 hadi 41 kwa kipimajoto. Kidole hakitoshi kwa kazi hii. Maziwa ya ng'ombe sikuyagusa, kwani ndege hawawezi kusaga sukari yake, wala uji wa wimbi mtupu, kwani protini yake ni ndogo mno kwa kiumbe anayekua kwa kasi hiyo.

Nilitumia kijiko cha chai chenye kingo zilizokunjwa. Kinanilazimisha kwenda polepole na kinamwachia kinda ameze mwenyewe. Kiasi cha mlo mmoja ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kwa hiyo kwa kinda wa gramu nane ni chini ya mililita moja. Ni kidogo kuliko mkono wenye huruma unavyotaka kumpa. Baada ya kila mlo nilimfuta mdomo nikamrudisha kwenye sanduku la kutagia akiwa na joto, na kabla ya mlo uliofuata nilihakikisha gole limeshuka. Lingegoma kushuka, ningempeleka kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Wazazi hawakumkataa. Alipopata nguvu za kuinua shingo na kuomba kama wenzake, mama akaanza kumjaza, nami nikawa napunguza milo yangu, nikaanza na ya mchana. Nilibakiza ule wa mwisho wa usiku mpaka uzito ukapanda kila asubuhi bila kusita, kisha nikaacha kabisa.

Sasa wote watano wanadonoa mtama wenyewe, na sanduku la kutagia nimeliondoa kizimbani ili jike apumzike. Sitamruhusu atage zaidi ya mara mbili kwa mwaka, na Julai haitakuwa mojawapo.